Walizoea Unga Wakati Hukuwapo

Mapendo mutoto wangu,

Ukiona herufi hizi kubwa namna hii, usicheke. Naandika sawa mutoto wa mwaka wa kwanza, juu nikiandika kidogo sioni kile nimeandika. Nimekaa kwenye mulango, pale mwangaza unaingia vizuri, na mama yako amenipa ile meza yake ya kukatia majani ya sombe. Wewe uko kanisani unaaga waimbaji wa korali. Ukirudi utakuta barua juu ya mufuko yako. Isome leo. Usiibebe mpaka Kingi kwa mujomba wako bila kufungua, juu kuna neno moja nataka likufikie ukiwa ungali hapa Buleusa.

Neno lenyewe ni jibu. Juzi, pale kwenye basini za samaki, ulisema: "Papa, sema tu wazi. Munanifukuza." Halafu ukachukua ndoo, ukaenda. Unanijua, maneno yangu yananifikia wakati muntu ameshavuka muto. Toka juzi nalitafuta jibu, na leo nimelipata, lakini ni refu, siwezi kulisema nikiwa nimesimama.

Mambo mengine sitaandika. Kufunika basini na chandarua, kubadilisha maji polepole, kutenga wale wakubwa mbele ya kuanza kumeza wadogo zao, hayo wewe njo unanifundisha siku hizi. Na mambo ya jaketi, ya baridi, ya kumusalimia mujomba wako kwa heshima, mama yako anayaimba toka juma lililopita. Mimi nikiongeza yangu utatoroka bila kungoja pikipiki.

Kwanza nikuambie vile moyo wangu uko, usije ukafikiri nakuficha. Moyo umeshuka. Niko na raha. Nimelala usiku mbili hizi sawa muntu aliyetua mzigo, mpaka mama yako ananipiga kiwiko eti nakoroma. Ndiyo, nimefurahi unaenda, nimeandika kwa mukono wangu. Usikasirike bado. Endelea kusoma.

Habari ya vile ulikatwa ziwa, vile tulikuachisha kunyonya, umeisikia kwa tate yako wa Kingi, mama ya mama yako, na najua vile anaisimulia. Mimi njo mubaya ndani ya habari ile. Ni kweli, sikatai, lakini kuna vitu yeye anaruka na kuna vitu yeye hakuona.

Wakati ule nilikuwa nabeba mawe ya madini kule Bisie, zamani, wakati kila muntu mwenye mugongo alienda kujaribu bahati kule. Nilirudi nyumbani nikakuta mama yako ana mimba ya ndugu yako Bahati, na wewe bado uko kifuani, unanyonya sawa muntu mwenye haraka ya safari. Kwetu unajua vile wanasema: mama akibeba mimba, maziwa ni ya yule wa ndani, na yule wa nje akiendelea kunyonya anakunywa ugonjwa. Mama yangu alisema hivyo, shangazi zangu wakasema hivyo, na mimi, kijana niliyetoka Bisie na jaketi mupya, nikasema kuwapita wote. Leo leo! Hakuna kungoja! Mama yako akapakwa maji ya mubirizi kwenye ziwa, yale majani machungu tunayotibia minyoo. Ukaonja. Hukulia mara moja. Ulimutazama uso kwanza, muda murefu, sawa kumuuliza. Halafu njo ukalia, mpaka sauti ikaisha.

Asubuhi nikakufunga mugongoni, nikakupeleka Kingi, juu njo desturi: mutoto anayekatwa ziwa asimuone mama, asisikie hata harufu yake. Tate yako alikupokea, akakufungua mudomo akatazama meno, akakupapasa tumbo. Akasema, "Papa Mapendo, huyu bado. Tumbo yake haijajua chakula." Nikamujibu, "Mama, atakula sawa bantu bote." Hebu fikiri! Kijana mwenye vumbi ya Bisie masikioni anamufundisha mwanamuke aliyelea nyumba nzima.

Na kweli ulikula. Kingi chakula haikosekane: viazi, bugali ya mahindi, uji ya mutama. Walikupa, ukala, ukamaliza, ukaomba tena. Mimi nikarudi Bisie na moyo mweupe. Nilipokuja kukuona tena, baada ya mavuno, nikakuta mutoto mwenye mashavu, miguu minono, tumbo mbele sawa chifu. Nywele zilikuwa zimepauka, nikafikiri ni jua. Mapendo, nilikubeba begani nikakutembeza kijiji nzima! "Angalieni mutoto wangu vile ananenepa." Watu walitazama miguu yako, wakapita. Nikafikiri ni wivu.

Tate yako njo alinikalisha kwenye kigoda. Akashika muguu wako, akaninyooshea. "Bonyeza hapa," akasema. Nikabonyeza na kidole. Nilipotoa kidole, shimo ikabaki. Nikangoja irudi. Haikurudi.

"Haya si mafuta," akasema. "Ni maji. Mutoto iko na bwaki."

Bwaki unaijua kwa jina, lakini hujaiona kwa mutoto wako mwenyewe, na Mungu akulinde usiione. Ni njaa ya muntu anayekula. Kila siku ulikuwa unajaza tumbo, na ile tumbo haikuwa inapata kitu cha kukushika. Na mimi, baba yako, nilikuwa nazunguka nayo begani nikijisifu. Haya njo tate yako hasimulie: hasimulie vile nilirudi nyuma ya nyumba nikapiga kichwa kwenye ukuta ya matope mpaka udongo ikanguka. Hakuona.

Tulikupeleka kwenye santre ya afya. Munganga mwanamuke wa pale hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikupa maziwa kwa kijiko, kidogo, kisha akangoja, kisha kidogo tena. Nilitaka akupe kikombe nzima. Akaniambia, "Papa, tumbo yake imesahau kazi. Tunaikumbusha polepole." Mama yako akafika na mimba yake kubwa, sijui alipita njia gani. Alikaa chini, akakuweka juu ya ile tumbo, akabaki hivyo. Na tate yako alikausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akawatwanga, akawachunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akawa anatia pinji moja, ile inashikwa na vidole viwili, ndani ya uji yako. Nywele zikaanza kurudi nyeusi. Na siku moja, tate yako alikuwa anakulisha kwa kidole, ukamuuma. Ukashika kidole na meno, ukakataa kukiachilia. Yule mama akapiga kelele, akalia, akacheka, yote pamoja: "Ananiuma! Iko na nguvu! Iko na nguvu!" Kijiji nzima ilikuja kuangalia kidole.

Basi. Nilikosea, na huko Kingi bado wanakumbuka. Nakuambia mapema juu utakaa katikati yao.

Ungesema muntu aliyeona hayo hawezi kurudia. Ngoja sasa.

Nilipoacha Bisie na kuchimba kiziwa chetu cha samaki hapa, unakumbuka agronome yule, bwana shamba, alikuja kutufundisha vile kambale wanazalishwa nyumbani. Alieleza vizuri, sina neno juu yake. Alisema mutoto ya kambale anazaliwa na chakula yake mwenyewe, kamufuko kadogo chini ya tumbo, na kakiisha njo anaanza kutafuta. Lakini wakati ule hana tumbo bado. Ana utumbo tu, nyembamba sawa uzi, kitu inaingia huku inatokea kule. Tumbo ya kweli, ile yenye maji makali ya kuyeyusha vitu vigumu, inakuja nyuma. Mupaka ikuje, mumupe vidudu vya maji, vile tunavyozalisha kwa kuloweka mufuko wa mavi ya kuku, juu ni laini, vinayeyuka upesi. Unga iko kwa ajili ya wale wenye tumbo. Alitaja siku ya kuanza unga, halafu akamalizia, "Lakini muangalie samaki, musiangalie kalenda." Mimi nilisikia ile siku. Maneno mengine yalipita juu ya kichwa.

Musimu ule mvua ilikuwa ya baridi, na kwa baridi kila kitu kinachelewa, mwili wao nao unachelewa. Mimi nikahesabu siku yangu. Ilipofika, nikasaga sambaza na soya, nikachunga laini sana, nikamwaga. Vidudu nikakata siku ileile. Leo leo, hakuna kungoja! Unaona? Muntu ni yuleyule, jaketi tu njo imechakaa.

Na walikula, Mapendo. Walikimbilia unga wote pamoja. Matumbo yakajaa, meupe, ya mviringo, ya kupendeza. Nikamuita mama yako: "Njoo uone, wameshiba!" Akatoka jikoni na mwiko mukononi. Yeye hakuwapenda kamwe, alikuwa anasema wanafanana na sindano zenye macho. Akainama, akaangalia basini. Akaniangalia mimi. Akasema, "Papa Mapendo, na hawa muguu yao tunabonyeza wapi?"

Nilikasirika sana. Nilimuambia arudi kwenye sufuria yake.

Asubuhi walikuwa chini, wamelala kwa ubavu. Kila mumoja tumbo yake imejaa. Niliwatoa kwa bakuli nikiwatazama mumoja mumoja, na wote walikuwa wameshiba, na wote walikufa njaa. Mama yako hakusema kitu siku ile nzima, na wewe unajua kwa mama yako hiyo ni kazi kubwa kiasi gani.

Hapo njo wewe uliingia. Ulirudi kutoka masomo, ukaweka kichwa juu ya basini, na toka siku ile sikukutoa tena. Wewe njo ulileta ile sahani nyeupe ya enameli. Ulikuwa unawachota na kijiko, unawaweka kwenye sahani mahali kuna jua, unasoma matumbo, juu ngozi yao ingali inaonyesha ndani. "Papa, huyu mwekundu, amekula nyama ya vidudu. Huyu mweupe, amekula bugali, tumuhurumie." Ulichanganya unga kidogo ndani ya vidudu, ukaongeza, ukaona weupe umezidi, ukarudi nyuma bila haya yoyote. Mimi kurudi nyuma kulikuwa kunaniuma. Kwako ilikuwa kazi tu sawa kazi nyingine. Kwa mukono wako samaki waliishi, na watu wa huku wakaanza kuja na ndoo kutafuta watoto ya kambale kwa Papa Mapendo, na mimi nilikuwa najibu, "Karibuni," sawa kwamba ni mimi.

Kisha ukungu ukaingia machoni mwangu, jicho la kushoto kwanza. Sikuona tena matumbo. Niliona maji, na ndani ya maji kitu kinatembea. Wewe ukawa macho. Tulizoea, na nitasema kweli, nilipenda. Nilipenda vile unanishika mukono unaniambia, "Huyu, papa, huyu amekuwa muntu."

Halafu mujomba wako, ndugu ya mama yako, akapiga telefone kutoka Kingi. Amechimba viziwa chini ya chemchemi, anatafuta muntu wa kuzalisha na kulea, na anataka wewe, si mwingine. Nilisimama karibu, nilisikia yote. Ukamujibu, "Mujomba, haiwezekane. Papa haone." Na mimi, badala ya kusema "mwanangu, nenda," nikapangusa macho. Hayakuwa na kitu, Mapendo! Nilipangusa tu ili uone napangusa. Alipopiga mara nyingine ukakataa tena, na mimi nikakohoa. Kama angepiga mara ya tatu wakati ule, ningeanza hata kuchechemea.

Mama yako aliniona. Alingoja umetoka, akasema, "Wewe mwanaume, ulimutoa mutoto kwangu mbele ya wakati, na leo muntu mukubwa unamuweka kwenye ziwa."

Nilitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Nikakumbuka ule musimu tuliogopa unga mpaka tukawaacha watoto ya samaki kwenye vidudu muda murefu kupita kiasi. Hawakufa wote mara moja. Walibaki tu. Vidudu havikuwatosha tena, miili ikadumaa, wachache wenye nguvu wakawa wakubwa, wakaanza kuwameza wenzao kuanzia mukia. Ulisimama pale ukasema, "Papa, hawa tumewapenda vibaya." Neno lile lilikuwa linanirudia kila nilipokuona ukiosha sahani. Rafiki zako wote wameondoka, wana nyumba zao, ao kazi zao, na wewe uko hapo unaniambia rangi ya matumbo.

Kwa hiyo tulipanga, mimi na mama yako. Shangazi yako wa Walikale alijifungua kweli, hiyo hatukudanganya, lakini hakukuita yeye. Sisi njo tulimuomba akuite. Ulituachia mayai yaliyotoka tu kufunguka na ukaniambia nimuite kijana wa jirani kwa kuangalia. Sikumuita. Nilimuita mama yako.

Ungemuona! Siku ya kwanza alifunga pua. Siku zilizofuata alikuwa amenitangulia, anabisha na sahani. Alikataa maneno yako yote akaleta ya jikoni. "Huyu?" "Nyanya iliyochoka." "Na huyu?" "Bugali." "Bugali kabisa?" "Bugali ya jana, baridi." Basi, ile unga kidogo tuliyojaribu tunaiacha, tunarudi kwenye vidudu. Mvua ilikuwa ya baridi tena. Siku ya kalenda ikafika, ikapita, na mukono wangu uliwasha kumwaga unga, nakuapia. Niliuweka mufukoni. Nilikuwa naenda asubuhi nakaa karibu na basini nasikiliza tu, na sikusikia kitu. Nikatia kidole ndani ya maji, wakakigusa na kukiacha. Mama yako akiuliza, "Leo?" namujibu, "Bado." Sijui kama maisha yangu yote niliwahi kusema bado kwa kitu chochote.

Kisha asubuhi moja nikasikia juu ya maji vitu vidogo vinapasuka, sawa chumvi kwenye sufuria ya moto. Walikuwa wanapanda kuchukua hewa. Nikajua mwili umekomaa. Tukatia pinji ya unga ndani ya vidudu, siku nyingine pinji mbili, mama yako anasoma: kahawia, kahawia, nyanya, kahawia. Na muchana mumoja nikiwa nyuma ya nyumba, nikasikia anapiga kelele: "Wanakunya! Papa Mapendo, kuja! Wanakunya!" Majirani wakatoka na majembe, wakafikiri ni wezi ao wazimu. Alikuwa ameona nyuzi ndogo zinatoka kwao, unga iliyopikwa na tumbo. Mungu wangu. Nimesikia habari njema katika maisha, nimesikia njia imefunguka, nimesikia ndugu yako amefaulu. Lakini siku ile nilikaa chini kwenye matope na suruali ya kanisa.

Uliporudi kutoka Walikale ukamukuta mama yako ameinama juu ya sahani. "Mama? Wewe?" Ukaangalia basini, ukawaona hai, wanene, wanakimbilia unga. Ukasema, "Vizuri." Neno moja. Ukaingia nyumba. Mujomba alipopiga tena ukamujibu nakuja, na ulisema sawa muntu anayetupa kitu chini. Na juzi ukaniambia tunakufukuza.

Sasa jibu, Mapendo. Hatukukufukuza. Tulikuwa tumesimama katikati ya njia yako, tukasogea.

Sikuwazoeza samaki wale ili wewe ukose kazi hapa. Kazi iko tele. Mama yako hajui kutenga, anawahurumia wakubwa na wadogo sawasawa, na hii itatuletea matata. Niliwazoeza ili usiwe na macho yangu ya kusingizia, na mimi nisiwe nayo vilevile. Kama ungebaki juu unapenda kubaki, ningekaa kimya nikashukuru. Lakini ulikuwa unabaki juu ya huruma, na mimi nilikuwa naikula ile huruma kila siku na kuomba tena.

Njo maana nalala. Ulikuwa mudogo, nikakuharakisha, nusura nikupoteze. Umekuwa mukubwa, nikakuchelewesha, nusura nikupoteze tena, na hii ya pili hakuna munganga angeiona. Umepona zote mbili. Yule aliyekubeba begani kwa ujinga leo anakuona unaenda kwa miguu yako, tena kule kule Kingi. Nitaacha vipi kufurahi?

Na nitakukosa. Niandike hili pia, sitaki ulikisie. Nitakukosa asubuhi sana kupita jioni. Mama yako anasoma matumbo vizuri, lakini haniambie "huyu amekuwa muntu."

Juu ya Kingi nina neno moja, na si amri. Maji ya kule ni baridi kupita yetu. Mayai yatachelewa, kamufuko katachelewa kuisha, tumbo itachelewa kuja. Mujomba wako ni muntu mwema na ana haraka, tumefanana, njo maana tunaheshimiana. Atakuambia, "Lakini Buleusa munaanza unga mapema." Mwache aseme. Na wewe mwenyewe hivyohivyo. Siku za kwanza utakula viazi vyao, utacheka na watu wao, utasali nao, na usiku utajisikia mutupu. Usijilaumu. Usidanganye kwenye telefone kwamba uko sawa. Piga, uongee na sisi kidogo, halafu urudi ujaribu tena viazi vyao. Na tate yako, ukifika, atakushika muguu na kukubonyeza mbele ya watu. Anafanya hivyo kwa wajukuu wote toka wakati wako. Mwachie muguu.

Kesho motari wa pikipiki akipiga honi, mama yako ataanza kutafuta kitu cha kukuongezea. Anaweza kutafuta mpaka jua itelemuke. Usimungoje, kumbatiana naye hivyo hivyo na mikono yake imejaa. Kama bado uko na hasira na mimi, panda nayo, pikipiki itaweza kuibeba.

Lakini mbele ya kupanda, kuja kwanza karibu. Nikiwa mulangoni na wewe uko pale barabarani, ninaona tu nguo. Kuja mpaka uso wako ufike pale macho yangu yanafika, usimame kidogo, usiseme kitu. Nataka nikuone vizuri. Kisha nenda.

Papa yako